Fundi Aliyegoma Kumchongea Mfalme Kichwa

Baridi ya asubuhi haijatoka kwenye mawe, lakini Solène Garrivet keshapiga goti kando ya nguzo ya kanisa la kale la kifalme, tindo mkono mmoja, nyundo ya mbao mkono mwingine. Anachonga jani la mzabibu. Vumbi jeupe limemjaa nyusi.

Watalii wanampita bila kumtazama. Wanakimbilia ngazi za kwenda juu, alikosali mfalme, ambako kuta karibu zote ni vioo vya rangi na matao yamechongoka kuelekea mbinguni. Huku chini, penye dari fupi na nguzo nene, walisali wapishi, wafua nguo na watunza farasi wake.

“Waache wapande,” anasema Solène, mwenye miaka 51. “Huku ndiko kwetu.”

Fundi huyu wa mji wa Saint-Aubrin, Ufaransa, alizoea kufanya kazi nje, juu ya jukwaa, akirudisha sanamu za malaika, mbwa na majani zilizoliwa na mvua. Mwaka juzi akaletewa jiwe kubwa kama boga. Achonge kichwa cha sanamu ya mfalme iliyo mlangoni pa kanisa, kile ambacho watu wa mji walikivunja wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Akakataa.

“Mvua ikila jiwe, nalirudisha. Hiki hakikuliwa na mvua. Babu zetu walikivunja wakiwa na njaa, na walijua wanachofanya. Ile shingo tupu nayo ni kazi ya mikono.”

Bwana Delmotte, mwenye karakana, leo anacheka akisimulia. Siku ile hakucheka. “Nilimwambia, Solène, hulipwi kupiga siasa, unalipwa kupiga mawe. Akanijibu, ‘Basi nipe jiwe lingine.’ Sikuwa nalo.”

Solène akaenda kuosha vyombo kwenye mkahawa wa stesheni. Vidole vilivyozoea tindo vikababuka kwa sabuni. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ile ilichukuliwa na mdogo wake, Firmin, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika nyundo.

“Nina watoto, dada,” Firmin alimwambia mezani, Jumapili. “Na jiwe ni jiwe.”

“Jiwe ni jiwe, ila magoti ni yako. Haya, yapige mbele ya huyo mfalme wako!”

Mama yao akagonga sahani kwa kijiko. “Mfalme hajaalikwa hapa! Kuleni bata, anapoa.”

Kichwa kikapandishwa. Solène alikwenda kukitazama. “Firmin ana mkono wa ufundi. Nilimwambia hivyo, nikalia, kisha nikamwambia amekosea.”

Miezi saba baadaye nguzo za chini zilianza kumeguka, na hakuna aliyetaka kazi ya kupiga magoti kwenye unyevu. Delmotte akampigia simu. “Wenzangu walidhani nimeadhibiwa,” anasema Solène. “Mimi nilirudi nikiimba.”

Juu ya mlango mdogo walioingilia watumishi kuna jiwe ambalo mafundi wa kale hawakuligusa. Solène ameomba alichonge sura ya mfua nguo. Wakubwa wamekataa. Ameomba tena, na wakikataa ataomba mara ya tatu.

Saa ya chakula, Firmin anashuka kulitazama jiwe hilo. Analipapasa kwa kiganja.

“Utamchongaje?”

“Mdomo wazi. Anamjibu mtu.”

“Anamjibu nani?”

“Yeyote atakayemwambia ashushe sauti.”