Vijisanduku Nilivyofuta Malaba

Kosa langu la kwanza nikiwa na saiba yangu, kiduka cha kompyuta na uchapishaji hapa mpakani Malaba, lilikuwa kufuta maneno ya mtu nikidhani nayasafisha.

Naogopa makosa. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na mpaka leo nahisi kuna siku mtu atasimama mlangoni aniulize nani aliniruhusu. Kwa hiyo nilikuwa napiga pasi kila ukurasa, usibaki na doa. Maajenti wa mizigo walinipenda kwa hilo. Orodha za bidhaa kutoka Uchina zilifika kwangu zimejaa vijisanduku vitupu vya mraba kwenye skrini, na ajenti mmoja alinifundisha: "Hizo ni takataka, daktari wa karatasi. Toa zote, acha namba na Kiingereza." Nikatoa. Nikazoea.

Ijumaa moja mama wa Eritrea, anayewapikia madereva wa malori karibu na maegesho, aliniachia flashi. Baba yake alikuwa amefariki kwao na hakuweza kwenda. Kaka yake, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameandika habari za maisha ya mzee, zisomwe Jumapili kwenye kumbukumbu ya siku arobaini. "Chapisha vizuri," akasema, akarudi jikoni.

Nilifungua. Picha ya mzee, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na vijisanduku ukurasa mzima. Huku kwetu tangazo la msiba ni picha na miaka hiyo miwili, basi sikushangaa. Nikavifuta vyote, nikahifadhi juu ya faili lilelile, nikaweka picha katikati. Ilipendeza, na nilijisifu.

Alipokuja aliigeuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha mbele.

"Boss, huyu ni baba. Maneno yake iko wapi?"

"Maneno gani, mama?"

"Kaka yangu aliandika. Wewe umekula?"

Bahati yangu, sikuwa nimefunga ule ukurasa. Nilirudi nyuma hatua moja moja, vijisanduku vikarejea, naye akazidi kukunja uso. Dereva mmoja wa kwao, aliyekuwa akisubiri kutoa kopi ya pasipoti, akasema, "Nitumie kwa simu." Nikamtumia. Akafungua, akaanza kusoma kwa sauti. Mama akaziba mdomo kwa mtandio.

Faili lilelile! Kwangu masanduku, kwake baba mzima.

Nilisoma mtandaoni pale pale, wao wakisubiri. Kumbe kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi. Inahifadhi namba, na kuna jedwali moja kubwa ambamo kila herufi ya maandishi ya dunia imepewa namba yake: Kichina, Kiarabu, zile za kwao mama huyu, na hizi zetu. Kijisanduku ni mashine inayokiri kwamba namba inayo, ila mchoro wake haina. Kompyuta yangu kuukuu ilikosa fonti tu, yaani michoro ya herufi hizo. Sikuwa nafuta uchafu. Nilikuwa nafuta maneno, na ya Wachina pia.

Nikapakua fonti, na ukurasa ukajaa herufi zenye miguu na mikono, nzuri kuliko chochote nilichowahi kuchapisha. Nilimwomba mama akague mstari kwa mstari. Alifuata kwa kidole, akafika mahali akacheka mpaka akakaa chini.

"Anasema baba alikuwa anaficha viatu vya wageni, ndio wasiende mapema."

"Na mstari huu uko sawa? Na huu? Nafasi hapa si kubwa?"

"Boss, wacha. Hata baba alikuwa anakosea."

Jumapili alinitumia sahani ya injera, ile chapati yao laini yenye uchachu. Niliila nimesimama mlangoni, malori yakisogea kuelekea mpakani, nikiwa na furaha ambayo sikuitafutia kasoro.

Siku hizi nikipokea faili naweka nakala ya asili kando kabla ya kugusa chochote. Nikikuta vijisanduku, namuuliza mwenye faili vinasema nini. Bado napiga pasi kurasa, lakini sifuti nisichoweza kusoma.