Vilele vitatu kwenye ufuta wa akina mama

Saa tatu asubuhi, Omana Kunjukuttan anainua mrija wa kioo mwembamba kama unywele kwenye mwanga wa dirisha. Amebana pumzi. Ameujaza unga laini kuliko poda ya mtoto, na sasa anatafuta kama kuna kiputo cha hewa. Kiputo kimoja tu, umeme hukatika na kazi ya siku mbili huenda na maji.

"Safi!" anapaza sauti. "Ilango, washa kabla haujaninunia!"

Ilango, kijana anayefanya naye kazi, anawasha. Volti elfu ishirini na tano zinapita mrijani. Hapa hakuna pampu. Umeme ndio unaovuta kimiminika, nacho kinabeba mafuta. Mafuta, ambayo hayapatani kabisa na maji, hung'ang'ania ule unga, kisha kila aina huachia kwa wakati wake. Ikitoka aina moja, kilele huchomoza kwenye skrini. Hata mwandishi wa makala haya alijikuta amesimama kwa ncha za vidole.

Omana, mwenye umri wa miaka 54, ni mzaliwa wa Kerala na fundi wa maabara ya kupima vyakula hapa Coimbatore, kusini mwa India. Miaka kumi na tisa amejaza mirija hii kwa mkono, kwa mshahara ambao sasa umefika rupia 31,000 kwa mwezi. Katika kila kumi, minne humkatikia.

"Zamani nililia kwa kila mmoja," anasema. "Siku hizi nauambia tu, nenda salama."

Lakini mrija uliomkosesha usingizi haukukatika.

Ilikuwa Aprili. Chama cha wanawake 63 wanaokamua ufuta kilileta mafuta yake yapimwe. Yakionekana safi, wangeuzia hospitali tatu. Yakionekana yamechanganywa, wangefungiwa kinu. Vilele vya ufuta huchelewa kutoka. Siku hiyo vilele vitatu vilitangulia, mahali pa mafuta ya nazi.

Mwenyekiti wao, Mama Rasathi, alikuwa anasubiri ukumbini. Aliposikia, hakulia. Alifoka.

"Nazi? Sisi? Binti yangu, nazi kwetu ni ya kutia kwenye chatine! Pima tena!"

Omana akapima tena. Vilele vikashuka. Akapima mara ya tatu, vikapanda kuliko mwanzo.

"Hapo nikashtuka," anasimulia, macho yakimng'aa. "Chupa ni ileile. Mafuta yaliyochanganywa hayawezi kuwa na nazi kidogo saa nne na nazi nyingi saa sita."

Akapitisha kimiminika kitupu, bila tone la ufuta. Vilele vitatu vikachomoza vilevile! Uchafu ulikuwa umeingilia humuhumu maabara. Ilango akainama kwenye skrini, akavuta hewa puani, akaanza kucheka.

"Akka," alimwambia, kama anavyomwita dada yake mkubwa, "milima hiyo mimi naijua kwa harufu. Inaingia humu kila asubuhi na msuko wako!"

Omana hupaka nywele mafuta ya nazi kila siku, kama mama yake na bibi yake. Siku hiyo feni ilikuwa imekufa, joto limezidi, kofia ya kazi akaiacha kwenye ndoano. Na akiwa na wasiwasi hushika msuko wake, hata akiwa na glavu.

Angeweza kunyamaza na kusingizia mashine. Badala yake alivaa kofia, akabadili glavu, akaosha vyombo vyote, akapima upya. Ufuta mtupu! Akakimbia ukumbini.

"Nilimwambia, mama, kosa ni langu. Nazi ilikuwa kichwani mwangu. Nilingoja kofi."

Kofi halikuja. Mama Rasathi alicheka hadi akaketi sakafuni. Wiki iliyofuata, hospitali zilipotia saini mkataba, alirudi na chupa ya ufuta.

"Paka haya," alisema. "Yakiingia kwenye mashine, angalau yatakuwa yetu!"

Omana amebakiza miaka minne kustaafu. Kabla ya hapo anataka Ilango na wenzake wawili wajue kujaza mrija bila kuuvunja, na grafu ile ya kosa ameibandika ukutani waione kila siku. Nywele zake siku hizi ni kavu.

Chupa ya Mama Rasathi iko kabatini nyumbani, haijafunguliwa.

"Siku nikitoka humu mara ya mwisho," anasema huku akikaza kofia, "naimimina yote kichwani."