Sauti ya Nne ya Mwalimu Elisaria

Mwalimu Elisaria aliongoza kwaya ya usharika wetu, huku juu Olmotonyi, kwa ubao na chaki. Aliandika herufi za do-re-mi, sauti zote nne, akatoa do kooni mwake, nasi tukaifuata. Wakulima wa kahawa sisi, bila kinanda, na tuliimba hasa!

Kisha akaja Frederick, mwalimu mpya wa kwaya, na kinanda chake na nota za mistari. "Dunia nzima inasoma hivi, mama," aliniambia. Haya. Vijana wakazielewa, sisi tukaona viluwiluwi juu ya waya. Ubao ukaenda kuziba banda la kuku. Wazee wa besi, ile sauti ya nne, wakasusa, na Melkizedeki, nguzo yao, akahamia Momela kwa mwanawe. Muziki wa Frederick ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Haraka yake ndiyo iliyonichoma.

Mwaka huu kiharusi kikampiga Elisaria. Maneno yakampotea yote. Kilichobaki ni kuimba tu: "Do, do, ti, la, so." Asubuhi, mchana, huku amemkazia macho mkewe, Tabea.

"Baba Agnela, unataka nini?" Tabea alilia. Alimfunika blanketi, alimgeuza, alimletea Biblia na picha za watoto. Wapi! "Do, do, ti, la, so." Akawa ananawa mikono, kisha anamlisha uji mzito kwa kijiko, maana daktari alikataza maji yasije yakampalia.

Tukamwita Frederick. Alisikiliza kwa heshima, akasema, "Anapasha sauti tu." Tukafurahi, wajinga sisi, tukampigia mzee makofi. Akafumba macho.

Alikufa wiki ileile. Wazee wa besi walirudi kumzika, wakaomba tuimbe wimbo wake wa Ijumaa Kuu, aliotunga mwenyewe. Mimi na Tabea tulikuwa sauti ya kwanza miaka yote; besi iko chini huko, nani aliisikiliza? Lakini siku hiyo Tabea hakuimba. Alikaa kando ya kaburi, Melkizedeki kasimama nyuma yake.

Tukafika pale Bwana anapolia msalabani. Melkizedeki akaishusha besi: "Na-o-na ki-u." Ilikuwa ileile. Do, do, ti, la, so.

Tabea akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Mama Simel," akaniambia, "alikuwa anaomba maji. Na mimi kila siku nilikuwa nanawa mikono mbele yake."