Vindege viwili vya mkia mrefu vimeniponza

Jamani, leo nimefeli mtihani kwa kujua mno.

Mnajua natafuta cheti cha kuwaongoza wageni wanaopenda ndege. Bila hicho, hoteli ninayofanyia kazi hapa Diani itaniachisha kazi Jumatatu.

Mtahini, binti wa umri wa mwanangu, akaniamkia shikamoo, kisha akaniwekea picha mbili. Vindege vya kunyonya maua, vyote kijani, mikia mirefu kama utepe.

"Baba, wanatofautianaje?"

Nikakohoa kidogo. (Kikohozi cha heshima, si cha homa.)

"Huyu dume, huyu jike."

"Wote madume. Tazama midomo: mmoja mwekundu, mwengine mweusi. Ni aina mbili. Umewahi kuwaona?"

"Kila asubuhi, kwetu Msambweni!"

Akaweka kalamu chini.

"Baba, hawa wako Jamaika tu. Ungesema hujui, ningekupitisha."

Miaka ishirini naongoza wageni, sijawahi kumwambia hata mmoja kuwa sijui!

"Mwanangu, niulize tena, tafadhali."

Akanitazama kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Sasa nimesimama nje ya mlango wangu. Ndani mke wangu anapika biriani ya kunipongeza, na majirani ameshawaalika.

Naingiaje, ndugu zangu? Semeni upesi, wallahi biriani inakaribia kuiva.