Fundi Ametoka

Mguu wa kulia wa fundi hautulii. Hata akila, unakanyaga sakafu kana kwamba kuna pedeli. Tangu alipohamisha cherehani yake kutoka barazani kwa duka la Mhindi, mjini Kamachumu, akaileta nyumbani, majirani wanamwona hana kazi, wanakuja kupiga soga. Ndiyo maana kila asubuhi anavaa viatu, anaaga kwa sauti, anazunguka migombani na kurudi kwa mlango wa uani. Leo gauni la bibi harusi wa kesho bado lina mkono mmoja.

"Hodi!" Ni jirani yake, Byabato. Cherehani inanyamaza.

"Ametoka," mke wa fundi anajibu.

"Basi nitamsubiri."

Mke afanye nini? Anampa kiti na punje za kahawa kavu za kutafuna. Ndani, mguu unatetemeka juu ya pedeli, wala hauthubutu kukanyaga.