Aliyekaa Kiti cha Katikati

Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, kiti cha dirishani, na mama yangu alikuwepo, kiti cha upande wa njia. Baina yetu palikuwa na kiti kimoja, na habari ya kiti hicho ndiyo ninayoiandika. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sitakulaumu, hata mimi siku za mwanzo nilijikatalia.

Kazi yangu ni kushona viti vya gari hapa Maskat, kwenye gereji moja ya mtaa wa Ghala. Natoa sponji iliyokufa, natia mpya, navisha ngozi. Nyumbani kwetu, mtaa wa Wattaya, wananitania kwa kazi hiyo. Mgeni akija, kabla hajakaa kwenye kochi, ami Khalfan humwambia, "Subiri kwanza, fundi akukagulie." Wote hucheka. Mimi hutazama chini, kwa sababu mimi si msemaji, na watu wakinitazama maneno hunikimbia.

Dada yangu Zuwena alikuwa London, mgonjwa. Ni dada yangu wa tumbo moja lakini hatukukua pamoja. Yeye alikua na mama hapa Maskat, mimi nililelewa na shangazi Unguja mpaka nikamaliza darasa la saba. Nilipoletwa huku, Zuwena alikwisha kuolewa na kuondoka. Nilimjua kwa picha za harusi na kwa simu. Na simu yenyewe, mama akinipa niongee naye, nilikuwa namwamkia tu kisha namrudishia mama. Alipoanza kuumwa akaacha kuwasha kamera. Alisema amekonda, hataki tumwone hivyo. Mama alikuwa hajamshika mwanawe miaka sita.

Siku ya Jumanne shemeji Hamed, mume wake Zuwena, akapiga simu. "Mleteni mama," alisema. "Msichelewe sana."

Ami Khalfan ndiye aliyeshughulikia tikiti. Akanipigia niko kazini, mikono imejaa gundi.

"Sikiliza, fundi. Kuna ndege ya Alkhamis, lakini vimebaki viti viwili tu, vya nyuma kabisa, karibu na choo. Vimegota ukutani, havilali. Tena mbalimbali, mama yako huku, wewe kule. Ya Jumamosi iko nusu tupu, unachagua unachotaka. Unasemaje?"

"Mama anasemaje?"

"Mama yako nikimuuliza atasema hata asimame njia nzima! Nakuuliza wewe, mtu wa viti."

Nilifikiria goti la mama. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri tangu alipoanguka. Saa nane kwenye kiti kisicholala, na watu wanamparuza kila wakienda chooni? Atafika hawezi hata kusimama. Nikasema, "Jumamosi, ami." Mama hatukumwambia kwamba ya Alkhamis ilikuwepo.

Niamini, sijapata kufanya kazi kwa raha kama niliyoifanya jioni ile kwenye simu, nikitazama vile visanduku vya kijani vya viti vilivyo wazi. Nilichagua safu ya upande wa kushoto, ili mama akikaa kwenye njia mguu wake wa kulia upate pa kunyooka. Nikakaa mbali na vyoo, mbali na jiko lao. Tena nilikuwa nimesikia ujanja kwa wateja wetu: mkiwa wawili, chukueni cha dirishani na cha njiani, muache cha katikati. Nani atataka kwenda kubanwa katikati ya watu wawili asiowajua? Kikibaki kitupu, mama atapata pa kujilaza.

Nilipomwonesha mama, alisema, "Mbona tunakaa mbalimbali, mwanangu?"

"Ni kwa ajili ya goti, mama."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Ijumaa Zuwena alipiga simu. Mama akamuuliza amletee nini, halwa au bizari. Nilisikia akijibu, sauti ndogo sana, "Nnakutakeni nyinyi tu." Mama akamtilia vyote.

Jumamosi mchana tukaruka. Kiti cha katikati kilibaki kitupu, na mimi nikajisifu moyoni. Nikawa natazama milima ikiachwa chini, kahawia, imekunjamana. Nilipogeuka, mwanamke amekaa katikati.

Sikushtuka. Kwa nini nishtuke? Ndege ilikuwa na nafasi, na watu huhama viti taa ya mikanda ikizimwa. Nilidhani mama amempisha apite. Mama mwenyewe alikwisha kufumba macho, kichwa kimeinama upande wa yule mwanamke.

Sasa utaniuliza, alikuwaje? Hilo ndilo linaloniumiza. Sikumtazama. Mimi mwanamke nisiyemjua akikaa karibu yangu hutazama miguu yangu, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa karibu na yangu, nikaiona miguu yake. Hakuvaa viatu. Alivaa soksi nyekundu zenye vidoti vyeupe vya mpira mpaka juu. Alivaa dera la nyumbani, na mtandio umeshushwa mpaka kwenye nyusi. Hakuwa na mkoba wala simu. Nikasema moyoni, huyu anajua kusafiri, amejiwekea raha zake.

"Viti hivi umechagua wewe?" aliniuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, na hilo pia halikunishangaza, ndege zile watu wetu hawakosi. Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Umefanya vizuri. Mguu wake umepata nafasi."

Chakula kilipokuja, mhudumu alipitisha trei yangu mbele yake, asimwulize chochote. Nikadhani amekwisha kukataa. Niliona haya kula peke yangu, nikawa nachezea kijiko. Akasema, "Kula. Mimi sisikii njaa tena."

Baadaye alisema, "Njoo wewe ukae hapa karibu na mama, mimi nikae dirishani." Nikatikisa kichwa kukataa. Nilijua anaomba kitu chepesi tu, kusimama na kubadilishana, lakini nilifikiria nitakavyompita, tutakavyogusana, nikaona bora nibaki. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, ina alama za sindano. Akaitazama muda mrefu. Akasema taratibu, "Una mikono ya baba."

Baba alifariki nikiwa mdogo. Nilidhani labda anasema habari za baba yake mwenyewe. Nikaitia mikono yangu chini ya blanketi, nikageukia dirisha. Huko nikapitiwa na usingizi.

Nilipoamka tulikuwa tunashuka. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu, mto wa mama uko juu yake.

"Mama, yule dada amekwenda wapi?"

"Dada gani?"

"Aliyekaa hapa."

"Hapa hakukaa mtu. Nimelala raha kweli, Mungu akubariki na viti vyako. Hata goti sikulisikia."

Nikaona mama alilala sana, hakujua. Nikaacha.

Shemeji Hamed alitupokea. Tulipomwona hakufungua mikono kutukumbatia, tukajua. Zuwena alifariki mchana ule ule, sisi tuko angani. Nilihesabu baadaye, ilikuwa kama nusu saa baada ya kuruka. "Jana alikuwa anazungumza," shemeji alisema. "Alkhamis alikaa kitandani, akala. Alikuwa anauliza tu, mama amefika?"

Mama hakulia hapo. Alikaa juu ya sanduku letu, katikati ya watu wanaopita na vikokoteni vyao, goti limenyooka mbele.

Nyumbani kwa shemeji, kulikuwa na mfuko wa vitu vilivyotoka hospitali. Mama akaniambia nimfungulie. Palikuwa na dera, mtandio, na soksi nyekundu zenye vidoti vyeupe vya mpira. Shemeji alisema hospitali ndiko walikompa, wagonjwa huvishwa ili wasiteleze. Nilikaa chini pale pale kwenye zulia. Wallahi, maneno yote yakanitoka, mbele ya watu, mimi ambaye sisemi. Nikamwambia mama kila nilichokwisha kukueleza wewe. Na habari ya ndege ya Alkhamis nikaisema pia.

Mama hakunipiga, hakunilaani. Aliuliza kitu kimoja tu: "Alikaa karibu yangu?"

"Kichwa chako kilikuwa begani kwake, mama."

Kesho yake mama alishiriki kumwosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, tukamzika kule kule.

Sasa tuko Wattaya. Mama haendi tena mbali. Mimi nashona viti kama kawaida, ila kiti cha gari cha katikati, kile kidogo cha nyuma, mwenye gereji humpa mwenzangu, kwa sababu anajua. Na kila siku, nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, mama huniita nikae karibu yake. "Hebu nambie tena." Namwambia tena. "Hakusema jingine?" Hakusema jingine. "Alikuwa anacheka?" Sijui. "Uso wake umekonda?" Sijui, mama. "Mkono wake ulikuwa wa moto au wa baridi?" Sijui. Alitaka tubadilishane, angenipita, ningemgusa. Nilikataa.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilimwambia mama kwamba Zuwena alimvutia blanketi, akamfunika, akasema, "Lala, mama yangu." Hakufanya hivyo. Mama alifurahi mpaka akaniombea dua, na kesho yake akataka zaidi. Sasa kila siku naongeza kidogo. Zuwena niliyemtunga mimi amekuwa na maneno mengi kuliko yule niliyekaa naye.

Wewe unayesoma, ukiambiwa mleteni mama, panda ya kwanza. Kaa karibu na choo, kaa na magoti kifuani, mama akiumia ataumia huku amefika. Na mtu akikaa pembeni yako, japo humjui, inua uso umtazame, umjibu.

Mama ananiita. Leo atauliza tena habari ya mkono, na nimekwisha kuamua nitamwambia ulikuwa wa moto.