Kodi ya Mwezi Isiyofika Pete Moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ngo Thi Lua amesimama juu ya kigoda cha plastiki, anasoma mita ya umeme ya chumba namba nne. Anaandika tarakimu kwenye kiganja kwa kalamu, anashuka, anatoa simu mfukoni, anaitazama, anairudisha. Chumba namba tano, vivyo hivyo. Kufikia chumba cha mwisho ameitazama simu mara sita.

Hasubiri ujumbe wa mtu. Anaangalia bei ya dhahabu.

"Pete moja imepanda tena laki moja na nusu," anasema. "Na hata kahawa sijanywa."

Bi Lua, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ana vyumba vinane vya kupangisha katika uchochoro mmoja wa Thuan An, kusini mwa Vietnam, jirani na viwanda vya viatu. Alishona viatu humo kwa miaka kumi na tisa. Vyumba hivi ndivyo vya kumtunza uzeeni, na ndivyo vinavyomnyima raha.

Miaka saba iliyopita, alipotaka kujenga, hakwenda benki. Alikwenda kwa wifi yake, Bi Tuoi, dada wa mumewe, akakabidhiwa pete thelathini za dhahabu, zote za uzito mmoja, ndani ya kitambaa chekundu. Hapakuwa na riba wala karatasi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba anayekopa dhahabu hurudisha dhahabu. Mama zao walijenga hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Wakati huo pete moja ilikuwa milioni nne za dong, pesa ya Vietnam. Kodi ya mwezi ilinunua pete mbili na chenji ikabaki. Angeweza kumaliza deni kwa mwaka mmoja na nusu. Lakini kila bei ilipopanda kidogo alijiambia asubiri, itashuka tu, na huku akisubiri pesa ikaishia kwenye mabati mapya, vigae vya uani na pikipiki ya mumewe. Alirudisha pete kumi na mbili, kisha akasimama.

"Ni ujinga wangu, asisingiziwe mtu," anasema. "Nilipokea kodi kwa noti, nikadaiwa kwa dhahabu, nikaona ni kitu kimoja."

Leo pete moja ni milioni kumi na tatu. Viwanda vimepunguza watu na vyumba vyake vitatu ni vitupu. Vitano vilivyobaki humwingizia milioni sita na nusu kwa mwezi, na akishatoa maji, taa za uani na matengenezo, hubaki na milioni tano na nusu. Haifiki hata nusu ya pete.

Mwezi uliopita Bi Tuoi alikuja bila ugomvi, akaketi, akala balungi, akatangaza kuwa mwanawe anaoa. Kwa desturi, mama wa bwana harusi humvisha bibi harusi dhahabu mbele ya wazee wa pande zote mbili.

"Sikudai, wifi," alisema. "Lakini siwezi kumvisha mtoto wa watu ahadi."

Tangu siku hiyo Bi Lua hatulii. Alifikiria kupandisha kodi kwa laki mbili. Khuyen, mshonaji anayekaa chumba namba mbili, alimwambia wazi: "Shangazi, ukipandisha nafungasha. Uchochoro wa nyuma wanatoa wiki mbili za bure." Alifikiria kuuza vyumba vyote. Bei aliyotajiwa na dalali ilimchekesha, kisha ikamliza.

Ikabaki benki, milioni mia mbili thelathini na nne kwa miaka kumi, hati ya nyumba ikiwa dhamana. Marejesho ni milioni tatu na nusu kila mwezi. Mumewe, Tho, anayebeba abiria kwa pikipiki, aliuliza swali lililokuwa likimsumbua hata Bi Lua mwenyewe: vyumba viwili vingine vikibaki vitupu, itakuwaje?

"Tutahangaika," alimjibu. "Lakini deni la benki nauona mwisho wake. Hili la dhahabu linakua hata tukiwa tumelala."

Alitia saini Alhamisi. Pesa iliingia jana jioni, duka la sonara likiwa limeshafungwa. Ndiyo maana asubuhi hii simu haimtoki mkononi. Laki moja na nusu mara pete kumi na nane ni milioni mbili na laki saba, kodi ya vyumba viwili na zaidi, na mkopo haukuihesabu.

Saa tatu yuko kwenye foleni ya sonara, na kopo la biskuti lenye kodi ya mwezi huu. Analimwaga juu ya kaunta kuziba pengo la mkopo, bila kungoja bei ishuke. Safari hii hasubiri.

Nyumbani kwa Bi Tuoi, pete zinapangwa kwenye sahani, zinahesabiwa mara mbili.

"Zimetimia, wifi," anasema Bi Tuoi. "Sasa na wewe mke wa mjomba, siku ya harusi utakuja na pete gani?"

"Nitakuja na njaa," anajibu Bi Lua, na wote wawili wanacheka mpaka wanafuta machozi.

Adhuhuri anarudi nyumbani na kubandika kibao cha vyumba vitatu vitupu. Mpango wake ni kuvijaza kabla ya watu kurudi kutoka mapumziko ya mwaka mpya, na kila chumba kitakachojaa, kodi yake iende benki kupunguza mkopo. Khuyen anatoka na ndoo ya nguo, anauliza kama kodi itapanda.

"Mwaka mzima haipandi," anasema Bi Lua. "Najua mtu anavyokosa usingizi akipandishiwa."

Mkono unaingia mfukoni kwa mazoea, simu inatoka. Dhahabu imepanda tena. Kwa mara ya kwanza bei inapanda naye anatabasamu, anaufunga ule ukurasa. Kisha anakumbuka kwamba riba ya benki haibadiliki kwa mwaka wa kwanza tu, baada ya hapo itafuata soko.

"Khuyen," anaita, akimsogezea simu. "Riba za benki zinaangaliwa wapi humu?"